Chapati za Mgonjwa

Mwanangu Paskalina,

Salamu sikuandikii, maana tumesalimiana leo asubuhi, na jioni ukirudi kutoka Ganako kumuaga shangazi yako tutasalimiana tena. Barua hii inatoka jikoni kwangu na inaishia sebuleni kwetu. Nitakupa mkononi, halafu nitasimama mlangoni mpaka umalize kuisoma. Kwanza nilifikiri niitie ndani ya sanduku lako, chini ya shuka, uikute huko chuoni Singida. Nikajishuku mwenyewe. Mtu anayeficha barua ndani ya sanduku anataka isomwe wakati msomaji hawezi tena kurudi nyuma na kuuliza. Kesho unapanda basi, na mimi nataka uisome ukiwa bado unaweza kutembea kwa miguu mpaka kwa bibi yako.

Jana baba yako alikuuliza kama umeshamuaga bibi. Ukamjibu, "Nitampungia mkono nikipita, baba. Mama anajua kwa nini." Ulisema bila chuki, kama mtu anayesema leo ni Jumamosi. Baba yako akanitazama. Mimi nikainamia maharage niliyokuwa nachambua, nikajifanya nimeona jiwe. Bibi yako hakuwahi kukupa sumu, Paskalina. Aliyekuwa anakuumiza ni mimi, na nimelijua hilo miaka kumi bila kukuambia.

Sasa soma polepole.

Habari za kula sikuandikii. Ngano, shayiri, mkate, andazi, bia, hayo unayajua tangu una miaka saba, na ukiingia jiko la watu pua yako inatambua unga kabla macho hayajaona gunia. Wala sikuandikii habari za wavulana, nauli na kufua. Tumeshayasema hayo mpaka umenichoka. Ninayoandika ni habari zangu mimi, ambazo huzijui kwa sababu nilizifunga vizuri.

Mimi ni mtu wa kushuku. Baba yako husema mvua ikinyesha shambani kwetu tu nitauliza nani kaituma, na ana nia gani. Sikuzaliwa hivi, nilifundishwa. Kwetu Baray, kama huku, mwenye nyumba huonja kwanza kabla hajampa mgeni kibuyu, ili mgeni aone chakula ni safi. Watu wengine huishia hapo, wakashukuru wakanywa. Mama yangu hakuishia hapo. Alinifundisha nitazame koo la anayeonja, nione kama limepanda na kushuka. Nilikuwa mdogo kuliko meza, na tayari nilikuwa nahesabu makoo ya watu.

Nilipoolewa na Boay, baba yako, nilikuja na macho yale yale. Mama yake, bibi yako, alinipokea vizuri. Hilo nalo nikalishuku. Mbona mama mkwe mwema hivi? Wenzangu wote wanalia na mama wakwe zao, mimi nimependewa nini? Lakini tulikuwa mbali mbali, yeye ng'ambo ya kilima na sisi huku, tukaishi. Kisha ukaja mwaka wa kuhamishiwa vijijini, nyumba zikapangwa mstari, na bibi yako akawa jirani yetu. Wewe ulikuwa na miaka mitano. Na mwaka huo huo ndipo maradhi yako yalipozidi.

Hukumbuki ulivyokuwa, na ni heri. Tumbo limejaa kama ngoma, mikono imebaki vijiti, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi. Ulikuwa unaharisha choo kingi cheupe, chenye harufu ya kufukuza watu chumbani. Watoto uliozaliwa nao mwaka mmoja walikupita kwa kichwa kizima. Ulikuwa hutaki kucheza, unakaa tu juu ya jiwe juani ukikunja uso. Zahanati walisema minyoo, wakakupa dawa ya minyoo, minyoo haikutoka. Mara ya pili muuguzi aliandika utapiamlo, akaniuliza mbele ya foleni yote, "Mama, mtoto huyu unamlisha nini?"

Nikamjibu kwa jeuri, "Chapati. Wako wewe anakula nini?"

"Chapati kila siku?"

"Kila siku."

Akanitazama kama mtu anayetazama mwongo maskini. Hakuamini. Nami nikarudi nyumbani nimevimba kwa hasira, maana nilikuwa nimesema kweli tupu.

Baba yako alikuwa anaendesha trekta kwenye shamba kubwa la ngano. Kombaini ikishapita, wanawake tuliruhusiwa kuingia kuokota masuke yaliyobaki chini. Niliokota mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Jioni nilipura, nikapepeta, nikapeleka mashineni, nikarudi na unga wangu kidogo ndani ya mfuko nimeukumbatia kifuani. Sisi wote, baba yako, kaka zako na mimi, tulikula ugali wa mahindi. Chapati zilikuwa zako wewe peke yako, kwa sababu wewe ndiye mgonjwa. Kaka zako walikaa pembeni wakizifuata kwa macho, nami nikawafukuza. Kila ulipozidi kukonda, nilizidi kuokota. Ukitapika asubuhi, mchana nakupikia nyingine laini zaidi, nazipaka samli. Niliziona ndiyo dawa ya pekee ambayo hakuna mtu angeweza kuichezea, maana zilitoka mkononi mwangu zikaingia kinywani mwako.

Umeona sasa? Sikuzishuku kwa sababu zilikuwa zangu.

Kulikuwa na rafiki wa baba yako, Mmasai, Lemburis, aliyekuwa akija kununua mahindi kwetu na kutuuzia mbuzi. Siku moja wakati wa masika alikutazama pale juani, akamwambia baba yako, "Boay, huyu mtoto nipe mimi. Ng'ombe wameshuka Olbalbal, majani yapo, maziwa yapo. Nitamrudisha majani yakikauka." Nililia siku mbili. Nilimwambia baba yako hajui anachokifanya, kwamba mtu hachukui mtoto mgonjwa wa mwenzake bila sababu. Baba yako, ambaye hunibishia mara moja kwa mwaka, alinibishia siku ile. Ukaenda.

Ulikaa kule miezi mitatu, ukinywa maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu na kula nyama walipochinja. Maji yalikuwa ya shida, walinawa kwa kipimo, lakini maziwa hayakukatika. Ulirudi unakimbia. Nasema unakimbia, Paskalina, wewe ambaye ulikuwa hubanduki jiweni. Una mashavu, tumbo limeshuka, una ushanga shingoni, na mke wa Lemburis unamwita yeyo, mama.

Mwanamke mwenye akili angepiga magoti pale uani, amshukuru Mungu na amshukuru yule mwanamke. Mimi niliukata ushanga na kuutupa chooni. Niliwaza, mtoto haponi bure. Wamempa kitu cha kumgeuza moyo, amsahau mama yake. Lemburis aliniona nikiukata. Alikunywa chai yake nusu, akaaga, na tangu siku ile hakukanyaga tena kwetu. Jioni, kwa furaha ya kurudi kwako, nilikupikia chapati tano.

Mwezi haukuisha, ukawa umerudi juani pale pale, umekunja uso.

Hapo watu walianza kuhesabu. Nilisikia bombani, wanawake wawili hawakujua kwamba niko nyuma ya ukuta. Mmoja alisema, "Mtoto akiwa ugenini ananona, akirudi kwa mama yake anakonda. Hilo nalo unataka nikuelezee?" Mwenzake akasema, "Nyamaza wewe." Nilirudi nyumbani na ndoo tupu. Wewe hujui hali ya mtu aliyezoea kushuku siku anaposhukiwa yeye. Hukosa hewa. Hutafuta haraka mtu wa kumsukumia mzigo, na mtu wa kumsukumia alikuwa karibu, nyumba ya pili, akikuletea uji wa ulezi kila siku kwenye kibuyu.

Siku ile tulikuwa na watu wa kusaidia palizi, kama wanawake wanane, wamekaa uani wanapumzika. Bibi yako alikuja na kibuyu chake kama kawaida. Alionja, akameza, akakupa. Koo lilipanda na kushuka, nililiona. Na hilo hilo ndilo lililonikasirisha.

"Mama," nikamwambia, "mbona una haraka ya kuonja? Nani kakuuliza?"

"Naonja ili uone, mwanangu."

"Nimeona."

Nikakunyang'anya kibuyu, nikaumwaga uji wote chini mbele ya watu. Nikakushika bega, nikakuonyesha mkono wa kulia wa bibi yako, nikakuambia kwa sauti ya kusikika, "Usile tena kitu kinachotoka kwenye mkono huu. Mkono huu unakuua." Ulikuwa na miaka saba, lazima unakumbuka. Sidhani kama unakumbuka kwamba bibi yako aliutazama ule mkono. Aliutazama kwanza nje, halafu ndani, kisha akaokota kibuyu chake akaenda zake. Wale wanawake waliokuwa wananishuku mimi wakaanza kumshuku yeye, na mimi usiku ule nililala vizuri. Naandika hili kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nililala vizuri.

Wiki iliyofuata baba yako alitupeleka hospitali ya misheni, mbali. Daktari alikuwa mama mzee wa Kizungu, Kiswahili chake cha kuokoteza. Alikubonyeza tumbo, akakutazama kucha, akaniuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi. Nikamwambia la nne. Akanipa daftari. "Mama, andika. Kila kitu anakula, kila siku, na choo chake namna gani. Rudi wiki tatu."

Niliandika, mwanangu, kama mtu anayepeleka mashtaka polisi. Kila asubuhi mstari wa kwanza niliandika kwa herufi kubwa: HAJALA KWA BIBI. Nilitaka daktari aone mwenyewe. Nilitaka ile karatasi ionyeshe kwamba tangu mkono wa bibi yako uondoke umepona, kisha niipeleke kwa wazee na mambo yaishe. Basi nikaandika: hajala kwa bibi, amekula chapati mbili, ameharisha mara nne. Hajala kwa bibi, chapati tatu na chai, tumbo limejaa. Hajala kwa bibi. Siku tatu unga uliniishia, ukala ugali na maziwa, nikaandika: choo kizuri, amecheza na kaka yake. Kisha unga ukapatikana. Niliandika yote kwa mkono wangu na sikuona kitu. Nyani haoni kundule.

Daktari alisoma daftari lote bila kuinua kichwa. Akachukua kalamu nyekundu, nikajua sasa atapiga mstari chini ya bibi. Akapiga mstari chini ya chapati. "Hii," akasema. Akafungua ukurasa mwingine. "Na hii. Na hii." Kisha akanitazama, na hakuwa na hasira hata kidogo. "Bibi hapana shida. Chapati hapana. Mkate hapana. Andazi hapana. Tumbo yake hapana kubali ngano. Hapana mwaka huu tu. Siku zote."

"Lakini mimi mwenyewe nazionja," nikamwambia. "Kila siku naonja kwanza. Sijawahi kuumwa."

"Wewe ndiyo," akasema. "Yeye hapana. Kwako chakula, kwake sumu."

Nimelikumbuka neno lile kila siku ya maisha yangu tangu hapo. Mimi nilifundishwa kwamba chakula ni safi au kina sumu, na kwamba kooni mwa mtu utajua. Hakuna aliyenifundisha kwamba kinaweza kuwa vyote viwili kwa wakati mmoja, kwamba mama anaweza kuonja kwa uaminifu kabisa, ameze, na bado amlishe mwanawe kifo.

Uliacha ngano, na kabla mwezi haujaisha ulikuwa mtoto mwingine. Baba yako alifurahi akacheka peke yake njiani. Akaniambia, "Sasa kamwambie mama." Nikasema nitamwambia. Baada ya mavuno nitamwambia. Baada ya Krismasi. Kisha nikaona jinsi watu watakavyolipokea: Kumbe ni mama mwenyewe, tulisema sisi. Nikaogopa. Nilimwapisha baba yako kwa uhai wako kwamba hatafungua mdomo, na yeye akaapa, kwa hiyo usimlaumu. Kila mwaka hunikumbusha mara moja, na mimi kila mwaka hukasirika.

Lakini watu walitaka kujua kwa nini huli mkate. Nikatunga mwiko. Nikasema upande wetu, kule Baray, wasichana wa ukoo wetu hawali ngano. Hata wewe nilikuambia hivyo, nikakuacha uamini kwamba uliumwa kwa mkono wa bibi yako. Uongo ule ulienda vizuri mno. Watu wanaheshimu mwiko kuliko wanavyoheshimu maradhi. Hata bibi yako alimtuma mtu kuuliza ni mwiko gani huo, maana alitaka asije akaukosea. Nikamjibu kwamba hayamhusu.

Hapa nikushauri kitu kimoja, kisha niendelee. Chuoni usiseme mwiko. Mwambie mlezi wa wasichana siku ya kwanza, mwambie na mpishi, kwamba ni maradhi ya tumbo na daktari amesema. Wengine watacheka, wengine watasema unaringa kama walivyosema mimi naringa pale mashineni nilipokataa kusaga mahindi baada ya mtu aliyesaga ngano. Hapo kushuku kwangu kulikufaa, na sikuombi uache kushuku. Shuku gunia, shuku mwiko wa mpishi uliokorogea sufuria nyingine. Ila mtu usimshuku mpaka uwe umejitazama mikono yako wewe. Mimi nilianza kwa mikono ya wengine, na nilipofika kwenye yangu nilikuwa nimeshaharibu.

Ulipofika wakati wa komunyo ya kwanza nilimwambia padri ukweli, kwa siri, maana hostia, ule mkate wa komunyo, nayo ni ngano. Akasema ubaki kwenye benchi uombe, Mungu anazo njia nyingine. Jumapili ile watoto wote wa darasa lako la dini walisimama na magauni meupe, ukabaki umekaa. Nilisikia minong'ono ikipita kanisani kama panya darini. Na nikaona jambo lingine. Bibi yako, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kusimama kwenda kukomunika, hakusimama. Alikaa mwisho wa benchi lako, mbali na wewe, ametazama mbele. Jumapili iliyofuata hakusimama. Mpaka leo hajasimama, miaka yote hii.

Unajua niliwaza nini? Nilijua kabisa kwamba hana hatia, nilikuwa na daftari lenye wino mwekundu chini ya godoro langu, na bado niliwaza: dhamira inamsuta. Lazima kuna jambo jingine alilofanya. Ndivyo mtu anavyokuwa akiishi na uongo wake muda mrefu. Huanza kuutafutia ushahidi.

Leo baada ya misa, ulipoondoka kwenda Ganako, nilienda kwake. Alikuwa mlangoni anapepeta mbaazi. Nilipiga hodi, akasema karibu, akanisukumia kigoda kwa mguu. Miaka kumi nilikuwa sijakaa kwake.

"Mama," nikasema, "ilikuwa ngano."

"Ngano gani?"

Nikamweleza. Kombaini, chapati, daktari, daftari, mwiko wa uongo. Nilisema yote bila kupumzika, maana nilijua nikipumzika nitainuka niende. Yeye aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza.

"Boay anajua?" akauliza.

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ileile. Nilimwapisha."

Hapo ungo ulisimama. Mwanawe wa kuzaa, anapita mlangoni kwake kila siku na kumsalimia, na anajua. Nilidhani atanifukuza. Alitazama barabarani kidogo, kisha akauliza, "Na mtoto?"

"Bado."

Tukakaa. Mimi, kwa kuwa ugonjwa wangu hauponi hata siku ya kuungama, nikamuuliza lile la kanisani. Nikamuuliza kwa nini aliacha kusimama wakati wa komunyo.

"Mtoto angekaa peke yake," akasema.

"Sasa mbona hukumsogelea?"

Bibi yako aliuinua mkono wake wa kulia akaugeuza, nje na ndani, vile vile kama siku ile. Akasema, "Nilidhani labda ni kweli. Watu husema mwenye mkono mbaya hajui kama anao. Nikasema, labda ndivyo nilivyo, nimezaliwa nao, na nimemuumiza mtoto bila kujua." Akaushusha mkono. "Mtoto wa kaka yake alipozaliwa mliniletea hapa mlangoni nimpakate. Nikawaambia nina mafua. Sikuwa na mafua."

Paskalina, mimi niliyekuwa nikitafuta siri ya watu wote, hii sikuwahi kuifikiria. Nilidhani nimemnyima heshima tu, au mjukuu mmoja. Kumbe nilimfanya ajishuku mwenyewe. Mwanamke yule ameishi miaka kumi akiuogopa mkono wake, akiuweka mbali na watoto, na dawa ya hofu ile ilikuwa chini ya godoro langu, karatasi chache tu. Nililia pale kwenye kigoda. Yeye hakulia. Hakusema amenisamehe, wala sikumuuliza, sikuwa na haki ya kuuliza. Aliniambia tu, "Mwambie yeye. Mimi nimeshasikia."

Basi nimekuambia. Unaweza kunikasirikia, una haki, na unaweza kwenda Singida na hasira yako usiniandikie mpaka itakapoisha. Nitakaa nayo. Lakini usimpungie bibi yako mkono ukiwa barabarani.

Kesho alfajiri nenda kwake mpaka ndani. Atakuwa ameamka, yeye huamka kabla ya jogoo. Mpe shikamoo. Hatanyoosha mkono, atauficha ndani ya shuka yake au atajifanya ana kitu cha kushika, maana mazoea ya miaka kumi hayaishi kwa maneno yangu ya asubuhi moja. Nyoosha wewe. Uushike mkono ule wa kulia na usiuachie haraka. Akikaa, kaa. Mimi sitakuja, nikija atanitazama mimi badala yako.

Baba yako atatangulia na sanduku, atakusubiri njia panda. Unajua nilivyo kuhusu safari, mtu wa kufika saa nzima kabla ya basi na kumshuku dereva kwamba ameshapita. Kesho sitakuhimiza. Basi likija hujafika, liache liende. Lipo jingine Jumatano.

Mama yako.